Kawia Ufike

Safari ya majini ina adabu zake, nazo si adabu za safari ya nchi kavu. Mwenda kwa miguu akichoka huketi kando ya njia. Mpanda gari akiona hatari huweza kuomba ateremshwe. Lakini aliyekwisha kutia mguu chomboni, na chombo kikaacha pwani, amekabidhi roho yake kwa ubao au chuma, kwa nahodha, na kwa upepo. Kwa sababu hiyo ushauri mwingi apewao msafiri wa majini haufai kitu baada ya nanga kung'olewa. Wakati wake ni kabla. Mwenye kuusikia angali pwani amepata mali. Mwenye kuukumbuka katikati ya maji amepata majuto.

Watu wa Ujiji wanalijua jambo hili kwa urithi. Mji wao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na mwanzo wa njia ya maji iliyokwenda Manyema. Kila aliyefika hapo akitaka kuendelea mbele alilazimika kuuweka chini ujuzi wake wa njia na kuwa mwanafunzi wa ziwa. Burton na Speke, Waingereza waliofika Ujiji Februari 1858, walikuwa wamekwisha kushinda mbuga, pori na homa. Walakini ziwani hawakuwa na amri. Walipotaka kwenda kuuona mto Rusizi unapokutana na ziwa upande wa kaskazini, watu waliowachukua katika mitumbwi walikataa kupita Uvira, na wageni hawakuwa na la kufanya ila kurudi. Mapema kidogo, mwezi Machi, Speke alivuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja, baada ya dhoruba kuitikisa hema yake, aliwasha mshumaa apange vitu vyake. Mwanga ukawaita wadudu, mdudu mmoja akamwingia sikioni, na maumivu na uziwi aliouacha humo vikamwandama muda mrefu. Ziwa halikuhitaji mawimbi kumfundisha mgeni; mdudu alitosha.

Ziwa lenyewe ni la kuheshimiwa. Urefu wake wakaribia kilomita 670, na mahali penye kina kikubwa panakaribia mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Siberia peke yake linalolishinda kwa kina. Nchi nne zinachota maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mahali pengi milima huinuka pale pale maji yanapokoma, ikawa kwa vijiji vingi vya mwambao ziwa ndilo barabara kuu, na chombo ndicho soko, posta na gari la wagonjwa. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na maji yaliyolala kama mkeka asubuhi huweza kuwa vilima alasiri.

Kwa muda wa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa na chombo chake maarufu, meli ya Liemba, yenye jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, vikaunganishwa huko, na meli ikashushwa majini Februari 1915, wakati wa vita. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikuwa katika hali njema, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Basi meli yenyewe iliishi kwa sababu kuna watu walioifikiria siku mbaya kabla haijafika. Ilisafiri baina ya Kigoma na Mpulungu, ikiwa na urefu wa mita 71 na nafasi za abiria 600, hata safari zake za kawaida zikasimama mwishoni mwa miaka ya 2010, na matengenezo makubwa yakawa hayana budi.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kijana mmoja wa Ujiji alipewa kazi ya ualimu katika kijiji cha mwambao, kusini ya Karema. Alizaliwa mbele ya ziwa, aliogelea ndani yake, alikula dagaa wake tangu kuota meno. Lakini hakupata kulisafiri. Jambo hili si la ajabu. Wako watu wengi waishio karibu na mlima ambao hawajapata kuupanda. Kulizoea ziwa kwa macho si kulijua, na pengine ni kizuizi cha kulijua, maana mtu hadhani kuwa ana la kuuliza.

Shangazi yake hakudanganyika na mazoea hayo. Alikuwa mwanamke mfanyabiashara, aliyepeleka mawese na sabuni kusini na kurudi na mahindi na samaki wakavu, na safari zake hakuwa akizihesabu tena. Jumanne jioni alimwita kijana nyumbani kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Lete hilo sanduku nilione."

Aliliinua kwa mkono mmoja, likamshinda, akalishusha. "Hili ni sanduku la mtu wa gari moshi," alisema. "Wewe hushuki kwenye gati. Kigoma liko gati, Kasanga liko, Mpulungu liko. Huko uendako meli itasimama mbali, na mtumbwi utakuja kuwachukua. Utashuka kwa mikono miwili, na kama mkono mmoja umeshika sanduku, mkono huo si wako."

Sanduku likabaki Ujiji. Vitu vilivyokuwa lazima vikaingia katika mfuko wa kubeba mgongoni. Vyeti vya shule na barua ya kazi vikafungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa kifuani. Kisha shangazi akayapanga maneno yake kama apangavyo bidhaa, zito chini na jepesi juu.

Kwanza, alimwambia aende bandarini Kigoma siku ile ile kuuliza kama meli inaondoka, na aulize tena asubuhi, kwa kuwa ratiba ya meli ni nia, si ahadi. Aliye na siku moja tu ya kufika asianze safari ya ziwa siku hiyo. Aanze siku mbili au tatu mapema. Aendaye mpaka Mpulungu aikumbuke hati yake ya kusafiria, maana atakuwa amevuka mpaka wa nchi, na fedha za upande wa pili si shilingi.

Pili, mwenye tikiti ya daraja la tatu, ambaye hana chumba, na aingie mapema achague mahali. Pasiwe karibu na milango ya ubavuni, ambapo shehena hupita usiku kucha. Pasiwe penye njia, ambapo atakanyagwa. Wala pasiwe juu ya magunia ya mtu, ambaye atamwamsha saa nane za usiku kuyashusha. Akiisha kupata mahali asilale kabla hajajua majaketi ya kujiokolea yako wapi na mashua za meli ziko wapi, na aende huko mara moja akihesabu hatua, ili gizani miguu ijue njia bila ya macho.

Tatu, chakula. Melini vyakula vinauzwa, lakini mwenye akiba hapigi foleni kwa njaa. Achukue viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na maji yaliyochemshwa. Maji ya ziwa ni mazuri kutazama; kuyanywa yalivyo ni kujitafutia tumbo la kuhara. Upepo ukianza asile mpaka kushiba. Na moyo ukimchafuka, asitazame sakafu wala maji yaliyo karibu, bali aikazie macho milima ya mbali ambayo haichezi.

Nne, usiku wa ziwani ni wa baridi hata kama mchana ulikuwa wa jua kali. Blanketi moja lina kazi kuliko mashati matatu. Tena asiache taa ikiwaka karibu na kichwa chake. Shangazi hakupata kusoma habari za Speke. Yeye aliwajua wadudu wenyewe.

Tano, awaamkie majirani zake kabla hajakaa. Jirani wa safari ndiye mlinzi wa mzigo, ndiye anayejua kituo kinachofuata, na ndiye atakayekuamsha ukipitiwa na usingizi.

"Na la mwisho," alisema, "mtumbwi ukija umejaa, au ukijaa mbele ya macho yako, usishuke."

"Hata kama ni kijiji changu, shangazi?"

"Hata kama mimi nimesimama pwani ninakupungia."

"Na meli ikinipitiliza?"

"Itakupitiliza. Itakwenda Mpulungu, itageuka, itarudi. Ziwa halina mlango wa nyuma. Kawia ufike, mwanangu."

Meli iliondoka Jumatano alasiri. Kijana alitii kila neno, naye akaona faida ya kila neno, kasoro lile la mwisho ambalo zamu yake haijafika. Usiku ulipoingia, mwezi haukuwapo, na wavuvi wa dagaa walikuwa kazini. Taa zao zilitapakaa majini mbali mpaka ikawa kana kwamba mji mwingine, mkubwa kuliko Kigoma, umejengwa juu ya ziwa. Alikaa akizitazama mpaka shingo ikamuuma.

Kwenye vituo vya kwanza alikasirika. Meli ilipiga honi, ikasimama mbali na pwani. Mitumbwi ikaikimbilia kama vifaranga wamkimbiliavyo mama yao. Milango ya ubavuni ikafunguliwa, na mara watu wakawa wanapanda na wengine wanashuka, magunia ya chumvi yakienda chini, samaki wakavu wakija juu, mtoto akipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Saa moja ikapita, na nyingine. Mzee aliyekuwa jirani yake aliiona hasira hiyo. "Mwalimu," alimwambia, "wewe unahesabu saa, na mwenye mahindi yale amehesabu wiki mbili." Toka hapo kijana aliacha kuitazama saa yake. Alianza kuelewa kwamba kuchelewa kwa chombo ndiko kazi yake. Chombo kisichochelewa ni kile kinachovipita vijiji bila ya kusimama.

Kijiji chake kilifikiwa Alhamisi usiku. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Mtumbwi mmoja tu ulikuja, mkubwa, wa mbao, nao uligongagonga ubavu wa meli kwa mawimbi. Watu wakaanza kuruka ndani. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake mgongoni, mikono miwili huru, tayari. Alitazama chini. Mwanzoni ukingo wa mtumbwi ulikuwa shibiri mbili juu ya maji. Mifuko ya saruji ikashushwa, ukawa shibiri moja. Akina mama wakashuka na watoto, kisha vijana wakashuka wakasimama kwa kuwa pa kukaa hapakuwapo, ukawa nusu shibiri, na wimbi moja likamwaga maji ndani. Rafiki aliyempata safarini alikuwa amekwisha kushuka, alimnyoshea mkono.

"Mwalimu, ruka! Nafasi ipo!"

"Nitashuka na mtumbwi wa pili," alijibu.

Watu wakacheka, kwa maana walijua kuwa mtumbwi wa pili haupo. Baharia akamwuliza mara ya mwisho kama anashuka au hashuki. Barua ya kazi iliyokuwa kifuani ilimtaka afike shuleni siku ya Ijumaa. Hakushuka. Mlango ukafungwa, taa ndogo ya mtumbwi ikaondoka ikipanda na kushuka katika giza, na meli ikamchukua mpaka Kasanga.

Jumamosi asubuhi meli ilirudi. Ziwa lilikuwa limelala. Mtumbwi ule ule ulikuja, na watu wanane tu walishuka nao, wakakaa chini kwa nafasi zao. Pwani alimkuta rafiki yake, mzima, akitafuna muhogo. Mtumbwi wa Alhamisi ulifika salama. Hakuna aliyelowa zaidi ya magoti. Mwalimu Mkuu alimwandika kuwa amechelewa siku moja, na wanakijiji wakampa jina lililomkaa kwa miaka: Mwalimu wa Kasanga.

Hapa ndipo ugumu wa ushauri ulipo. Kama mtumbwi ungezama, kijana angeitwa mwenye hekima, na habari yake ingesimuliwa kwa machozi. Haukuzama, akaitwa mwoga. Lakini tendo lake lilikuwa lile lile katika hali zote mbili. Wala yeye, alipokuwa amesimama mlangoni, hakuwa na ujuzi wowote wa kesho uliomtofautisha na wenzake. Alikuwa na nusu shibiri tu, na wimbi lililokwisha kuivuka. Uamuzi wa mtu hupimwa kwa yale aliyoyaona wakati wa kuamua, si kwa bahati iliyokuja baadaye. Anayepita katikati ya barabara amefumba macho akafika ng'ambo hakupata ushahidi kwamba macho hayana kazi.

Tena liko jambo baya zaidi. Kila chombo kilichojazwa kupita kiasi kikafika salama ni mwalimu wa uongo. Hufundisha kwamba kipimo kilikuwa cha watu wenye hofu, na kwamba mmoja zaidi si kitu. Kwa hesabu, maneno yake ni rahisi kuaminika. Mtu mmoja akiongezwa, ukingo hushuka kidogo tu. Wakisimama, uzito hupanda juu. Wakisogea wote upande mmoja, kutazama pwani au kukimbilia kushuka, chombo kilichovumilia mambo yote yaliyotangulia hulikataa hilo la mwisho. Hakiwezi kusema mapema ni abiria yupi aliyekuwa wa mwisho.

Meli ya MV Bukoba, iliyokuwa na nafasi za abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na waliokufa walikadiriwa kupita 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopaswa kuchukua watu 101, kilipinduka kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Misiba hiyo miwili ilikuwa ya Ziwa Viktoria. Lakini Tanganyika nalo lina yake, kwani Desemba 2014 MV Mutambala ilizama upande wa Kongo, na zaidi ya watu 120 wakapotea. Wengi wa waliopanda vyombo hivyo hawakuwa watu wajinga wala wenye kupenda hatari. Walikuwa watu wenye soko la kuwahi, mgonjwa wa kumwona, au barua ya kazi kifuani. Walipanda kwa sababu jana chombo kilifika.

Watasema wengine kwamba shida haina subira, na kwamba maskini hana uwezo wa kungoja chombo cha pili. Hoja hii haifai kudharauliwa, na serikali au mwenye chombo asiyeweka vyombo vya kutosha amemlazimisha abiria kuchagua baina ya maovu mawili. Walakini shida haibadili uzito wa mtu. Mwezi wa Mei 1915 wala 2015, maji yanabeba kwa sheria ile ile. Katika mwaka huo wa 2015 maelfu na maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, wakiwa na njaa na maradhi, na Liemba ikatumwa kuwachukua mpaka Kigoma. Hapana watu waliokuwa na haki kubwa kuliko wao ya kukimbilia chomboni kwa pamoja. Hata hivyo walichukuliwa kama 600 kwa kila safari, na waliobaki wakangoja zamu. Ilikuwa rehema kuwachukua, na ilikuwa rehema vile vile kuwahesabu.

Kwa hiyo msafiri wa kwanza wa ziwa, awe mwenyeji au mgeni, na achukue mzigo mdogo, aulize bandarini, achague mahali pake, achemshe maji yake na awaamkie majirani. Mambo hayo yatamfanya astarehe. Lakini adabu iliyo kubwa kuliko zote ni kuwa tayari kuachwa. Aliyeanza safari siku ya mwisho ya muda wake hawezi kuachwa, kwa hiyo hana uhuru. Kila mtumbwi uliojaa ni bwana wake. Aliyeanza mapema amejinunulia, kwa bei ya siku mbili, neno moja la kusema mlangoni usiku: hapana.

Mwalimu wa Kasanga alifundisha kijijini hapo miaka mingi, na jina lake hakulikana. Kila mwaka, wanafunzi wa darasa la mwisho walipokaribia kuondoka kwenda shule za mbali, alichora mtumbwi ubaoni, akachora na mstari wa maji, akawaeleza habari yake tangu sanduku mpaka Kasanga. Mwishoni mtoto mmoja hakukosa kuuliza kama mtumbwi ule ulizama.

"Haukuzama," aliwajibu. "Ulifika. Ndiyo sababu ninawafundisha."